Mafuta ya Mismar

Katika nyumba ile ya Malqa, Riyadh, niliitwa Kenya. Mfanyakazi aliyenitangulia alikuwa Mkenya, na miaka ile ofisi za ajira zilipokuwa zikituleta kwa makundi, madam hakuona haja ya kujifunza jina jingine. Nilimwambia natoka Pemba. "Tayib, Kenya," akajibu, yaani sawa. Liliniuma kuliko kazi yenyewe, maana sisi Wapemba kwetu hatutaniwi nako.

Mumewe alikuwa na panga za kale za Kijapani. Alizisafisha mwenyewe kila Ijumaa baada ya swala, mimi nikimshikia vitambaa. Akivua mpini, kwenye shina la chuma huonekana maandishi: jina la mhunzi na mji wake. Alinieleza kuwa wahunzi wa Bizen makali yao yana mawimbi, wa Yamato mstari ulionyooka, na kwamba upanga hutajwa kwanza kwa kwao. Nilimsikiliza kwa wivu. Chuma kina kwao, mimi sina.

Ijumaa moja alinyoosha mkono bila kunitazama. "Yalla, Kenya, mismar."

Kijiti cha kufungia mpini kilikuwa mezani, nikadhani anataka msumari wa kukigongomea. Nikakimbilia stoo, nikarudi na msumari wa inchi tatu, na nyundo juu. Bosi aliukumbatia upanga wake kama mama anayemkinga mtoto na mbwa. Kisha akanionyesha kichupa cha mafuta ya kuzuia kutu. Nilipokifungua, harufu ikanivaa: karafuu. Kumbe Riyadh karafuu nayo huitwa mismar, kwa umbo lake la msumari.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. "Bosi, hii yetu." Nikamweleza tunavyochuma, tunavyozichambua kwenye makonyo, vile vijiti vyake, na barabara zinavyonukia karafuu zikianikwa.

"Kenya kuna karafuu?"

"Kenya mafi karafuu, hakuna. Mimi Pemba."

Alilirudia neno polepole, akikitazama kichupa.

Siku chache baadaye walikuja wageni. Bosi akawaonyesha panga zake: huu wa Bizen, huu wa Yamato. Nikaingia na kahawa. Mgeni mmoja akaonja, akasema, "Mkenya wenu hodari."

"Si Mkenya," bosi akamjibu. "Huyu wa Bemba."

Najua alinitaja kwa pumzi ile ile aliyovitajia vyuma vyake. Sikujali. Nilijaa fahari, na mbele ya wageni wote nikamsahihisha.

"Pe, bosi. Pemba."