Kasuku Waliomfunga Baba Mdomo

Wenzangu mliokulia Iringa mnaujua ule mwezi wa kumi wa zamani. Mvua bado, vumbi la Mlandege jekundu mpaka mbwa mweupe anabadilika rangi, na mipichi imeshamaliza maua, inashika vitunda. Tulikuwa tunacheza kombolela mpaka tunasahau majina yetu. Ugali wa kwetu ulikuwa mkubwa, aliyekaa upande wa pili humwoni, unasikia tu anatafuna. Mi shule niliiona kwa nje, lakini haya niliyaona kwa macho yangu mawili.

Mwaka huo kasuku walikuja kwenye mpichi wetu. Sio wa kufugwa, wa porini: kichwa kijivu, mwili kijani, akifungua mabawa unaona njano ya kuumiza macho. Walikuwa kama mia nne. Mama alisema kumi na wawili, lakini mama alihesabu wakati wengine wamesharuka.

Sasa jirani yetu, Baba Sikitu, alikuwa ametoka kutembea Mbeya, akaja na stori kwamba kule kuna muuza duka alificha sukari uvunguni, kasuku wake akamtangaza mtaa mzima. Alivyokuwa anasimulia alikuwa anaangalia sufuria yetu. Baba akaisogeza nyuma yake. Kwa sababu Pasaka tulikula jogoo, na yule jogoo, tusidanganyane, alikuwa wa Baba Sikitu. Aliingia uani kwetu kwa miguu yake. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Baba ya tatu alimpa kisu.

Wiki haijaisha, kasuku hao juu ya mti. Wenzetu wangeona ndege. Baba aliona mashahidi.

"Ndege mzuri hivi hawezi kukosa mwenyewe," alisema. "Hawa wametumwa."

Kuwafukuza alikataa, eti ukimfukuza mpelelezi umeshakiri. Basi nyumba nzima tukawa watu wa kunong'ona. Kombolela tulicheza kwa kunong'ona, aliyeonekana anaonyeshwa kidole tu. Mama, Mlutheri wa kwaya, alifanya mazoezi kwa kufumbua mdomo bila sauti, ukimwona utadhani samaki. Na wale ndege walikuwa wanapasua vitunda wanakula kokwa ya ndani, huku wanainamisha kichwa upande, kama karani anayesikiliza.

Katikati ya balaa hilo akaja mshenga. Dada yetu mkubwa, Tumaini, alikuwa amependwa na fundi seremala wa Mafinga, kijana mpole, na yeye dada alikuwa ameshaacha hata kula kwa kumuwaza. Mshenga akashuka kwenye lori la mbao, mzee mfupi, koti linafika magotini. Ndani mama alikuwa amesiriba sakafu kwa heshima yake, bado mbichi, kwa hiyo benchi likawekwa chini ya mpichi.

Mnajua posa ya kwetu ilivyokuwa. Mshenga anatanguliza neno, wenye nyumba wanajibu tunakusikia, ndo anaendelea. Wakinyamaza, hilo ndo jibu. Anaaga, na nyumba hiyo harudi tena.

"Kamwene," mzee akasalimia, akakohoa. "Tumesikia hapa kuna watu waaminifu. Tumekuja kuuliza kama ni kweli."

Juu kasuku wakalipuka kelele kama mkutano wa kijiji. Baba akaangalia juu. Akamwangalia mzee. Akafunga mdomo. Mzee alisubiri mpaka kivuli kikamhama, akavaa kofia yake, akashika njia kurudi kwenye lori.

Hapo dada akatoka jikoni. Binti anayeposwa alikuwa hatokei mbele za watu, lakini yeye alikuja mpaka chini ya mti, akasema kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia kwa siku nyingi:

"Baba, kasuku wakitaka kusema waseme. Jogoo ameshaliwa. Mimi ndo bado sijaolewa."

Baba, ambaye hata nyumba ya jirani ilipowaka moto alitembea, siku hiyo alikimbia mpaka viatu vikabaki nyuma vinamwita. Alimkuta mzee ameshaweka mguu mmoja kwenye lori. Akamwambia yote palepale, jogoo, kisu na kasuku. Mzee alicheka mpaka akashikilia tairi. Alipopata pumzi akasema watu wanaonyimwa usingizi na jogoo mmoja, hao ndo waaminifu, turudi tukaongee.

Kesho yake baba akampelekea Baba Sikitu jogoo mwingine. Yule bwana akampokea, akampima uzito kwa mkono, halafu akasema taratibu, "Baba Tumaini, nilijua tangu Pasaka. Manyoya mliyamwaga shambani kwangu. Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe."

Leo dada ni bibi huko Mafinga, na yule seremala meno hana lakini bado anamchekea. Wajukuu zao siku hizi simu inajua wamekula nini, wamegombana na nani, wanampenda nani, na hawaishuku hata kidogo. Wanaipa siri zote, halafu wanaichaji iendelee kusikiliza. Sisi tulimwogopa ndege asiyejua hata salamu.

Tulikuwa washamba, sibishi. Lakini enzi zile mtu kabla hajasema la mwenzake, alitazama kwanza juu ya mti. Sasa hivi pale kwetu Mlandege mpichi ulishakatwa, nikitazama juu naona bati la jirani tu.