Nyamaza, Maman Anakuya

Wimbo wa mama yangu una jina lake, lakini hakuna anayelijua. Ulihusu mwanamume aliyekwenda Mwenga kutafuta dhahabu akasahau njia ya kurudi, na uliitwa kwa jina la mwanamume huyo. Watu wa Bukavu waliuita "Nyamaza" tu. Hata leo ukiwatajia jina la kweli wanakukazia macho kama umetukana mtu.

Sababu ni mimi. Mama alikuwa akiimba na okestra moja ya Kadutu, vijana wenye magita mawili na ngoma. Siku waliyokwenda kurekodi kwenye redio, mdogo wake alinibeba mgongoni akasimama nami karibu na mlango. Nilikuwa bado nanyonya. Mlango wenyewe haukufunga vizuri. Gita lilipokuwa likilia peke yake, kabla ya ubeti wa mwisho, na mimi nikaanza kulia kwa nguvu zangu zote. Mama akageuza kichwa akasema, kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, "Nyamaza, maman anakuya," kisha akaendelea kuimba. Fundi alitaka warudie, lakini utepe wa kurekodia ulikuwa wa shida siku zile, na ule waliopewa ulikuwa umekwisha. Wakaenda zao na kosa lao.

Kosa gani! Kila Jumapili baada ya misa, redio ilikuwa ikitangaza nyimbo zilizopendwa kufuatana na kadi za wasikilizaji. Wimbo wa mama ukaanza chini kabisa, ukapanda, ukazipita nyimbo za Kinshasa, ukakaa juu. Watu hawakuandika jina la wimbo kwenye kadi zao. Waliandika "ule wa mutoto analia". Baadaye ukashuka polepole, ndiyo kawaida ya nyimbo. Halafu mama akafariki kwa uzazi, yeye pamoja na mtoto aliyekuwa akimzaa, na wiki aliyozikwa wimbo ukarudi wa kwanza. Sijui kama waliopeleka kadi walikuwa wakiupenda wimbo au walikuwa wakimlilia yeye. Mimi nilikuwa sijaanza kusema.

Haya yote niliambiwa na maman mudogo, huyo mdogo wake, ambaye ndiye aliyenilea. Na tangu nilipopata akili nilitaka kitu kimoja tu, kuisikia sauti ya mama akisema na mimi. Picha nilikuwa nayo, lakini picha haisemi. Maneno yote mengine aliyowahi kuniambia yalikuwa yamepotea, yakabaki hayo tu duniani. Nilipokuwa mkubwa nilikwenda redio kuuliza, nikaambiwa utepe ulishafutwa ili warekodi nyimbo za chama. Karani alicheka. "Maman, hapa hata misa ya Pasaka tulifuta."

Nikabaki na waigaji. Na hao, Mungu wangu, ni wengi! Kwanza okestra kubwa ya Kinshasa iliuchukua, ikautia Lingala, ikauongezea mbio mwishoni ili watu wacheze. Hawakujua kwa nini mama alisema maneno yale, wakadhani ni sehemu ya wimbo. Basi gita likifika pale pale, mwanamume mmoja mwenye sauti nene anasema, "Nyamaza, maman anakuya," kwa Kiswahili cha kuokoteza. Na hiyo ndiyo iliyouzwa nchi nzima. Ilipigwa kwenye baa zote za mji wetu, hata vijana wakaanza kusema eti mama ndiye aliyeiga. Nilimpiga kofi msichana mmoja shuleni kwa maneno hayo, na mpaka leo sijutii.

Kisha chama tawala nacho kikauchukua. Shuleni tulivalishwa vitenge, tukafundishwa kucheza ili kumpokea mkubwa fulani, na wimbo ulikuwa ule ule: "Nyamaza, Kiongozi anakuya." Niliimba, tena mstari wa mbele. Ningefanya nini? Baadaye kwaya moja ya Nyangezi ikauokoa, ndivyo walivyosema wenyewe, ikaweka "Nyamaza, Bwana anakuya". Mwishowe ukaingia harusini. Bibi harusi akifika mlangoni, wanawake wanamwimbia bwana harusi anyamaze, maman anakuya. Na wote hao, kila mmoja wao, waliyasema maneno yale polepole, kwa utamu, macho wameyafumba nusu.

"Maman alisema vile?" nilikuwa nikimuuliza maman mudogo.

"Alisema muzuri," ananijibu. "Polepole. Mama yako alikuwa malaika."

Nilijaribu kumsikia malaika huyo, nikashindwa. Nikaolewa, nikazaa, na bado jambo hilo likawa linaniuma. Watoto wangu walijua kuuimba wimbo wote, kwa sauti ya yule mwanamume wa Kinshasa.

Siku moja tulikuwa kwenye harusi kule Kasha, wanawake wakauanza tena. Kando yangu alikaa maman mmoja wa Kalehe, muuza samaki, ambaye nilikuwa simjui. Akakunja uso.

"Banaharibu," akaninong'oneza. "Mu kaseti yetu hasemi vile."

"Kaseti gani?"

Akanieleza kwamba mume wake alikuwa dereva wa lori, mtu wa safari, na kila Jumapili yeye alikuwa akimrekodia redio ili nyimbo zisimpite. Kaseti ile bado ilikuwa nyumbani. Nikamwambia kwamba mtoto anayelia ndiye mimi. Akaniangalia toka kichwani mpaka viatuni.

"Weye? Na vile uko munene!"

Tulicheka sana. Lakini nilikuwa nimekishika kitenge chake, na sikukiachia mpaka aliponipa siku ya kwenda kwake.

Nilifika Kalehe mchana, juu ya gari ya mizigo. Aliipua maharage yake, akafuta vumbi kwenye redio-kaseti, akaingiza kaseti. Kwanza akasikika mtangazaji, akisema ni wimbo gani uko wa ngapi. Kisha gita. Kisha mama, sauti nyembamba kuliko nilivyodhani, yenye kukwaruza kidogo. Halafu mtoto akaanza kulia, na ilinichukua muda kuelewa kwamba ni mimi. Na hapo:

"Nyamaza! Maman anakuya!"

Akasonya.

Msonyo mrefu, wa mwanamke aliyechoka, mwenye kazi mbele yake na mtoto asiyejua kungoja. Upole haukuwapo hata kidogo. Kinshasa hawakuuweka msonyo ule, kwaya hawakuuweka, na maman mudogo, aliyekuwa amenibeba mgongoni siku ile ile, alinificha jambo hilo miaka yote. Mtu akishakufa tunampangusa mpaka hatumtambui tena.

Maman wa Kalehe aliona machozi yangu, akaanza kumtetea mama. "Usikasirike, maman. Alikuwa amechoka tu."

"Nani amekasirika?" Nilikuwa nacheka na kulia pamoja. Maneno yale watu walikuwa wameshampa kila mtu, Kiongozi, Bwana, mpaka bwana harusi wa Kasha. Msonyo ule alinisonya mimi.

"Rudisha," nikamwambia. "Rudisha pale anaponisonya."