Kichanja cha Maboksi

Kwenye simu yangu kuna picha ambayo sijaifuta. Niko kitaluni kwetu Katesh, nimevaa koti la kazi jipya, nimeshika kichanja cha maboksi chenye ngazi tatu, na kila ngazi ina miche ya parachichi. Ninatabasamu. Nyuma yangu, pembeni kabisa, unaonekana mkono wa mama mmoja ulioshika sinia la vikombe vya chai. Uso wake haumo. Aliyepiga picha alimwomba asogee kidogo.

Kichanja kile kilikuwa chake.

Nilirudi nyumbani kutoka chuo cha kilimo nikiwa na cheti, na watu wakaanza kuniita mtaalamu. Nilikizoea cheo hicho haraka kuliko nilivyozoea kazi yenyewe. Kitalu kilikuwa cha kikundi kidogo cha wakulima, na mimi niliajiriwa kukisimamia. Tulikuwa tunaotesha miche ya parachichi iliyobebeshwa, yaani iliyounganishwa na kikonyo cha aina bora, na kuipeleka vijijini kwa pikapu, hadi ng'ambo ya pili ya mlima, upande wa Mbulu. Miche tulikuwa tunaipanga kwenye kreti za mbao. Zilikuwa nzito, na ubaya wake zaidi ulikuwa wakati wa kurudi: hata zikiwa tupu zilijaza gari zima, hatukuweza kubeba hata gunia la samadi.

Yule mama alikuwa mfanyakazi mwenzangu, mjane wa makamo, kazi yake kujaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche. Alikuwa anakaa Jorodom. Mwaka ule matope yaliposhuka kutoka mlimani yaliondoka na nyumba yake, na tangu hapo alihama chumba hiki hadi kile na wanawe. Siku moja niliingia kwake kumpelekea ujumbe, nikaona nguo za watoto, sufuria na madaftari vimepangwa kwenye rafu zilizotengenezwa kwa maboksi ya misaada. Hazikuwa na gundi wala misumari. Mbavu mbili zilikuwa zimekatwa mikato hadi katikati, na vibao vya maboksi vimechomekwa humo vikashikana vyenyewe.

"Umejifunza wapi hii?" nikamuuliza.

"Sikujifunza popote. Nimehama mara tatu. Nikitaka kuhama nachomoa, nalaza chini, nafunga kamba, naweka kichwani." Akachomoa ubavu mmoja kunionyesha, na rafu nzima ikalala kama kitabu kilichofungwa.

Palepale niliona miche yetu juu yake. Nikamwambia, naye akafurahi. Kwa wiki kadhaa tulifanya kazi pamoja. Mimi niliomba maboksi kwa mzee mmoja mfanyabiashara pale mjini, na yeye aliyachagua kwa kuyabonyeza kwa kidole gumba: ya sabuni alichukua, ya biskuti aliyarudisha. Alipima kwa shibiri. Mwanzoni vibao vilipinda katikati kwa uzito wa udongo. Akaongeza tabaka la pili, mistari ya ndani ya boksi la juu ikikatana na ya boksi la chini, vikasimama. Akatoboa matundu ya kukalishia viriba ili visiteleze. Mchango wangu mimi ulikuwa kuchora. Nilichora kile alichokuwa ameshatengeneza, nikaandika jina langu chini ya mchoro.

Ndipo wakaja wageni kutoka shirika moja linalosaidia wakulima. Walikizunguka kichanja, wakakikunja na kukikunjua kama watoto. Mmoja wao, mwanamke mwenye miwani, akauliza, "Nani aliyefikiria hiki?"

Mama yule alikuwa hatua tatu kutoka pale, anamimina chai. Nilikuwa na muda wa kutosha kabisa wa kunyoosha mkono na kusema ni huyu hapa. Nikasema, "Lilikuwa wazo langu. Nilihangaika nalo kwa muda." Nikaongeza habari za gharama na mazingira. Yeye akamaliza kumimina, akaweka sukari, akawakaribisha wageni chai. Hakunitazama, na mimi nilishukuru kwamba hakunitazama.

Wageni walipoaga waliniomba niwatumie picha za safari ya kwanza. Nikawaahidi Jumanne, ingawa hakuna aliyetaja Jumanne.

Mzigo wa kwanza ulikuwa wa wakulima wa Bashay, ambao mashimo walikuwa wameshayachimba na kuyajaza samadi wakingoja mvua. Jumatatu mama aliniambia, "Tungoje kidogo. Nimeagiza nta ya nyuki. Tukiipaka kwenye vibao, maji hayapiti."

"Nta itachukua siku ngapi?"

"Wiki. Labda na siku mbili."

"Hatuna wiki, mama."

"Basi kesho asubuhi usimwagilie. Mwagilia leo mchana, maji yashuke. Boksi likilowa kutoka chini halina nguvu."

Nikamjibu, "Mama, haya mambo nimeyasomea." Nilisema kwa sauti ya upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko kama ningemkaripia.

Asubuhi nilimwagilia miche mpaka majani yakang'aa. Nilitaka yang'ae kwenye picha. Tukapakia, nikapiga picha nyingi, tukaondoka mimi na dereva. Barabara ilikuwa na makorongo, na tulipopanda kuelekea juu tukakuta ukungu mzito ambao haukuachia. Mara mbili nilisikia kitu kikitoa sauti laini nyuma, kama mtu anakaa kwenye godoro. Sikumwambia dereva asimame.

Bashay walikuwa wanatungojea nje ya kanisa, wanaume kwa wanawake, wengine na majembe begani. Niliwaamkia wazee shikamoo, wakaniitikia vizuri, kisha nikafunua turubai mwenyewe kwa mbwembwe.

Ngazi za juu zilikuwa zimelalia za kati, na za kati zimelalia za chini. Maboksi yalikuwa yamelegea kama ugali uliozidi maji. Viriba vimepasuka, udongo umemwagika, na miche mingi imevunjika palepale ilipobebeshwa, mahali ambapo ikivunjika haina tena faida. Mzee mmoja alichukua mche, akaugusa ule mvunjiko, akaurudisha taratibu kama anavyorudisha mtu kitu cha mwenyewe.

"Mtaalamu," akasema, "imekuwaje?"

Nikasema, "Mama aliyekata haya maboksi hakufuata vipimo nilivyompa."

Maneno hayo yalitoka bila kukwama. Hakukuwa na vipimo. Sikuwahi kumpa mtu yeyote vipimo.

Mwanamke mmoja aliyefunga kitenge cha bluu akasogea. "Mama yupi?"

"Mfanyakazi wetu. Wa Jorodom."

"Yule mjane aliyepoteza nyumba?"

"Ndiye."

"Huyo ni wifi yangu," akasema. "Kaka yangu ndiye aliyemwoa."

Mpaka leo nikikumbuka pale, ninachokumbuka ni kwamba mlango ulikuwa bado uko wazi. Ningeweza kusema samahani, nimekosea, nilimwagilia mimi. Badala yake nikasema, "Basi si vibaya, kila mtu hukosea," kana kwamba ninamsamehe kwa niaba yao. Yule wifi akageuka, akaanza kuokota viriba vilivyokuwa vizima.

Kesho yake nilimkuta mama kitaluni kabla yangu, amekaa kwenye gunia anajaza udongo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Miche ilifika salama?"

"Mingine iliumia," nikasema. "Barabara mbovu."

"Pole na safari," akasema, akaendelea kujaza.

Niliamini hajui. Siku tatu nilimsalimia, nikamletea hata mandazi. Siku ya nne, mchana, akaja pale nilipokuwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanyoosha kiganja.

"Nipe vile vipimo."

"Vipimo gani?"

"Vile ambavyo sikuvifuata. Nataka safari hii nivifuate."

Wifi yake alikuwa amempigia simu siku ileile, kabla pikapu yetu haijafika hata Dongobesh kwenye kurudi. Kwa hiyo aliponiuliza kama miche ilifika salama alikuwa anajua kila kitu, na alikuwa ananipa nafasi. Mimi nikampa barabara mbovu.

"Nisamehe, mama," nikasema. "Hakuna vipimo. Nilisema uongo. Na kwa wageni pia."

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Akasema, "Kule Bashay ulisema umesimama, mbele ya watu. Hapa unaomba msamaha umekaa kwenye ndoo, tuko wawili." Akarudi kwenye udongo wake.

Nilijua anachotaka, na bado ilinichukua zaidi ya wiki mbili. Mara gari lina shughuli, mara mvua, mara nataka miche ya kufidia ikomae vizuri. Miche ilikuwa tayari. Wakati huo yeye alitengeneza vichanja vipya kwa mikono yake, akayeyusha nta kwenye sufuria kuukuu na kuipaka vibao kwa kitambaa, pande zote mbili, mpaka pembeni. Mimi nilishika tochi ya gesi ya kupashia nta iliyoganda, nikaelekezwa, nikafuata. Miche ilimwagiliwa siku moja kabla.

Tulikwenda Jumapili. Alikaa mbele na dereva, mimi nikakaa nyuma na mzigo. Watu walipotoka ibadani niliomba mwenyekiti wao aniruhusu niseme neno. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, yote yakapotea. Nikasema tu kwamba siku ile niliwadanganya, kwamba nilimwagilia miche mimi wakati nimekatazwa, kwamba kichanja hiki kimebuniwa na mama huyu na sikumpa vipimo vyovyote kwa sababu vipimo anavyo yeye. Nilisema haraka mno, na nyuma wakaomba nirudie. Ikabidi nirudie yote, kwa sauti.

Wengine walitazama chini. Niliona kwamba walikuwa wanaona aibu kwa ajili yangu, na hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Yule mzee aliyekuwa ameshika mche uliovunjika akasema, "Tumesikia. Tushushe miche, jua linapanda." Wifi mtu akamnong'oneza mama kitu kwa Kiiraqw. Wakacheka kidogo. Nilielewa, maana ndiyo lugha niliyokulia: alisema, anatetemeka huyu. Nikajifanya sikusikia, nikabeba kichanja.

Safari hiyo hakuna mche uliovunjika. Tulivichomoa vichanja, tukavilaza chini ya turubai, na gari likarudi na magunia ya samadi. Tulipofika, mama alinipa mkono kabla ya kuondoka.

Kwa wageni nao niliandika. Ujumbe mrefu, nikieleza wazo ni la nani na lilizaliwa wapi, nikaweka namba ya simu ya mama kwa ruhusa yake. Walijibu baada ya siku chache. Walinipongeza kwa unyenyekevu wangu, wakasema ni jambo zuri kiongozi kuwashirikisha wasaidizi wake. Nilimsomea mama jibu hilo maana niliona sina haki ya kulificha. Akauliza, "Wasaidizi ndiyo mimi?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Waandikie tena." Nimewaandikia tena, mara mbili. Hakuna aliyempigia.

Siku hizi mama ndiye anayesimamia utengenezaji, na ana wanawake wawili anaowafundisha. Mimi ninabeba na kupakia. Lakini vijijini jina limeshakaa: wanakiita kichanja cha mtaalamu. Hata yeye mwenyewe hukiita hivyo akiwa na haraka, na mimi sijui niangalie wapi.

Mwezi uliopita nilikuwa Getanuwas, peke yangu na dereva. Mfugaji mmoja aliyeanza kupanda miti alikizunguka kichanja, akakikunja, akakikunjua, akatikisa kichwa. "Kijana, una akili," akasema. "Hiki kitu ni chepesi, ni imara, kinalala kama karatasi. Ulikifikiriaje?"

Nilimsahihisha. Nilimweleza habari za mama wa Jorodom, mwanzo hadi mwisho. Lakini nilimwacha kwanza amalize kunisifu.