Wagonjwa Wazuri wa Vitabuni

Nina selimundu tangu kuzaliwa, na nina uvivu tangu kuzaliwa, na mpaka leo mama hajui kuvitenganisha. Akinikuta nimelala mkekani mchana huuliza, "Mifupa hiyo, au kupenda kwako?" Mara nyingi ni kupenda kwangu. Nyumba yetu ya Miburani, hapa kisiwani, naijua ufa kwa ufa. Bwejuu, alikozaliwa mama, nimekwenda mara mbili, na mara zote mbili nilitapika njia nzima.

Mtu wa ndani namna hii anahitaji vitabu. Aliyeniletea ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, aliyekuwa akifanya kazi kwenye hoteli ya wageni. Wageni huacha vitabu vyumbani kama wanavyoacha chupa za mafuta ya jua. Nikiwa kidato cha tatu akaniletea riwaya ya Kiingereza ya vijana wawili wanaopendana, mmoja wao mgonjwa sana. Niliisoma, kamusi ikiwa pajani, nikalia mpaka mama akachemsha maji ya kunikanda, akidhani maumivu yamenishika. Sikumwambia ukweli. Nilikandwa.

Baada ya hapo nikawa sitaki riwaya nyingine ila za namna hiyo. Wasichana wa mle wanaumwa kwa adabu. Wanakaa dirishani, wanasema maneno ya busara, kijana anawashika mkono. Mimi nikiumwa macho yanageuka rangi ya bizari, nagombana na kila mtu, kisha naomba wali wa nazi. Nilijaribu siku moja kukaa dirishani kwa huzuni. Mbu walinirudisha ndani.

Binamu naye alikuwa na ubaya wake: akisoma ukurasa wa mwisho njiani kabla hajanifikishia kitabu.

"Huyu naye anakufa," anasema, hata hajavua viatu.

"Shetani mkubwa! Sasa nisome nini?"

"Nakupunguzia kazi. Vitabu sita, maiti sita. Wewe mwenzao mbona huendi? Kazi kutumalizia wali tu."

Asiye wa kwetu angedhani ananitukana. Kwetu binamu ni mtani, anayo ruhusa. Watu wengine walinisemesha kwa sauti ya msibani, taratibu, kichwa upande. Yeye peke yake aliniona nimo hai vya kutosha kutaniwa. Hilo namshukuru mpaka kesho.

Lakini kwetu binamu pia ni mchumba aliyekwisha kaa tayari. Tangu sijaota meno yote shangazi aliniita mkwe wake, na mimi nilipomaliza kidato cha nne nikaanza kuona neno hilo halina ubaya. Akitokea kwenye kona, ukili wa mkeka niliokuwa nasuka unakwenda upande.

Alitamka yeye, tumekaa barazani. "Nimechoka kukuletea vitabu. Nikuoe, uwe unavifuata mwenyewe."

Nikacheka. Hakucheka.

"Kapime damu kwanza," nikamwambia. "Nesi kasema mimi nikiolewa na mtu aliyebeba nusu ya huu ugonjwa, watoto huenda wakaupata mzima. Na mimi na wewe babu yetu mmoja."

Akaenda. Damu ikapelekwa Dar, nasi tukasubiri. Siku hizo za kusubiri nilitunga hotuba. Vitabu vilikuwa vimenifundisha kwamba msichana mgonjwa humfukuza ampendaye ili asije akamliza. Ningesema: nenda, nisahau, uishi. Niliifanyia mazoezi mbele ya mtungi wa maji, na nilikuwa mzuri sana.

Alikuja alasiri, akampa mama shikamoo, mama akaitikia marahaba na kuingia jikoni upesi kuliko kawaida. Binamu akakaa, karatasi mkononi.

"Nimebeba," akasema.

Akaiweka karatasi juu ya goti.

"Mama yangu anasema nifumbe macho nioe, mgawaji ni Mungu. Mimi nimefikiri vingine. Tuoane, watoto basi. Nitakubeba wewe tu kwenye baiskeli kwenda hospitali, nimeshazoea."

Nikafungua kinywa nitoe hotuba yangu. Likatoka jingine.

"Mimi nataka watoto."

Nilishtuka mwenyewe. Hakuna aliyewahi kuniuliza nataka nini mbali na maji ya moto, na mimi nilikuwa sijajiuliza. "Nataka watoto, tena wazima, wakorofi, wavunje vyombo. Na wewe nakutaka. Lakini siwezi kumkanda mwanangu mifupa huku najua nilionywa."

Akaikunja karatasi mara mbili. "Kwa hiyo naachwa na mgonjwa."

"Unaachwa."

"Vitabu vyote vile, hakuna hata kimoja kilichothubutu hivi."

Akacheka, kisha akajifuta uso kwa shati. Jikoni mama akagonga sufuria kwa nguvu, tujue kwamba hasikilizi.

Wiki ile nililala mkekani na mama hakuuliza ni mifupa au kupenda kwangu. Riwaya zilikuwa zimenifundisha kufa vizuri. Kuamka kesho yake, ukapiga mswaki, ukala muhogo na mtu humpati, hilo nilijifunza peke yangu.

Binti yangu sasa ana miaka minne, mzima, na vikombe vya nyumba hii vimebaki viwili. Baba yake ni mwalimu aliyekuja kutoka bara. Siku watu wake walipoleta barua ya posa, wazee walikuwa wameshajipanga kuipokea, ndipo binamu akasimama. Mtani kwetu ana haki ya kuzuia posa mpaka aridhishwe, na watu wakaanza kutabasamu, wakingoja vituko.

"Barua baadaye," akasema. "Cheti cha damu kwanza."

Mwalimu, aliyekuja nao, akakitoa mfukoni. Binamu akakisoma akiwa amesimama, akakirudia, akampa baba yangu.

"Hana," akasema. "Mpeni."

Kisha akaenda uani kumsaidia mama kupakua pilau.