Mbegu ya Mama Mbogo

Kila mwaka viazi vinapotoa maua, Rahab huingia shambani na mfuko wa nyuzi za sufu alizofumua kutoka kwenye sweta kuukuu. Hupita mstari kwa mstari, akilitazama kila shina kama mtu anayemchagulia mwanawe mchumba. Lililosimama imara, lenye majani yasiyo na doa, hulifunga uzi. Wakati wa kuvuna, mashina yenye uzi huchimbwa kwanza, na viazi vyake haviingii sufuriani wala havipelekwi sokoni. Hivyo ni mbegu. Vinavyobaki ndivyo chakula.

Kazi hiyo alifundishwa na mama mkwe wake, aliyehamia Trans-Nzoia kutoka Ol Kalou akiwa na kikapu cha viazi vyekundu katikati ya miguu yake, juu ya lori lililobeba vitanda na kuku. Mama mkwe alizeeka akafa, viazi vikaendelea. Havina jina kwenye kitabu chochote cha serikali. Kuanzia viunga vya Kitale hadi vijiji vya chini ya mlima, watu huviita mbegu ya Mama Mbogo, kwa jina la mwana wa kwanza wa Rahab, ingawa Mbogo mwenyewe anauza mabati Webuye na hajashika jembe tangu amalize shule. Dada yake, Gladwell, ni mwalimu Nairobi. Akija nyumbani, hupeleka mjini gunia la kupika na kumbusu mamake shavuni.

Mwaka huu Rahab alifunga nyuzi peke yake. Miaka yote mumewe, Ngari, ndiye aliyemfuata nyuma ameshika mfuko, akilalamika kwamba mkewe ana macho makali kwa viazi kuliko kwa wachumba, la sivyo asingeolewa naye. Ngari alizikwa Januari, kwenye ukingo wa juu wa shamba, karibu na tangi la maji. Rahab ana miaka sitini na sita. Alipokuwa akifunga nyuzi hizo alikuwa akiwazia jambo moja: yeye naye akiondoka, nani atakayezifunga?

Jibu lilikuwa limekuja kutoka Kamukuywa. Kikundi cha kina mama arobaini wa huko, katibu wao akiitwa Chepkosgei, kilionja viazi vyake kwenye harusi, kikauliza vilitoka wapi, kikampigia simu. Walitaka mbegu, na walitaka awafundishe mambo ya uzi. Chepkosgei alisema wangegawana, kila mama mstari mmoja, na kila mwaka wangeongeza. Rahab hakulala vizuri wiki hiyo kwa furaha. Mashamba arobaini. Hata kama ishirini kati ya hao wangekuwa wavivu, mbegu isingekufa.

Ila chama cha wakulima kilikuwa na sharti: mbegu haivuki kutoka shamba moja kwenda jingine kabla ya kupimwa. Ndipo Hasina alipokuja.

Hasina alizaliwa Bungoma mjini, nyumba ya tatu kutoka msikitini, kwa babu aliyefika zamani akiuza vitambaa. Alikuja amevaa buibui nyeusi na gambuti za kijani, na kifuko kidogo mgongoni. Rahab alimpima kwa macho akauliza kama huyo ndiye mpimaji au ni mtu wa kuuza sabuni. Hasina akacheka, akasema sabuni atauza akifukuzwa kazi. Wakaelewana hapo hapo.

Walitembea shambani pamoja. Sehemu kubwa ilikuwa kijani kibichi, maua meupe juu. Lakini kule juu, mashina kama saba yalikuwa yameinamisha majani, yamelegea kama nguo iliyoloa, na hayakuwa na madoa wala rangi ya njano. Rahab alisema ni jua tu, jioni huwa yanasimama. Alikuwa amejiambia hivyo kwa siku nne. Hasina hakubisha. Alikata kipande cha shina moja karibu na udongo, akakitia kwenye kifuko cha plastiki chenye maji maalumu, akakisagasaga kwa kalamu juu ya kigoda mpaka maji yakawa na rangi ya nyasi. Kisha akatoa kijikaratasi chembamba, kirefu kama kidole.

"Hii si ni kama ile ya malaria?" Rahab aliuliza.

"Ni ndugu yake, cucu," Hasina alisema, akimwita bibi kwa Kikuyu. "Ile ya hospitali inatafuta malaria kwa damu. Hii inatafuta mnyauko kwa maji ya shina."

Akamweleza, polepole, kwa sababu Rahab hakuwa mtu wa kukubali kitu asichokielewa. Kijikaratasi hakijui chochote chenyewe. Wanaojua ni kingamwili, wale askari wa damu. Mnyama, sungura kwa mfano, hudungwa vijidudu vya mnyauko vilivyokwisha kuuawa, na damu yake hutengeneza askari wanaomtambua adui huyo mmoja tu na kumshika. Wataalamu huwachukua askari hao. Wengine hubebeshwa chembe za dhahabu, ndogo mno, ambazo zikiwa nyingi pamoja huonekana nyekundu. Wengine hubandikwa katikati ya karatasi, wasitoke, wakae wakisubiri. Maji yanapopanda, huwabeba wale wa dhahabu. Kama kijidudu kimo, wa dhahabu wanakishika huku na waliobandikwa wanakishika kule, na rangi inarundikana mahali hapo mpaka mstari unatokea. Mstari wa pili, ule wa juu, hutokea hata shina likiwa zima. Kazi yake ni kuonyesha kwamba maji yamefika na karatasi haijaharibika.

"Kwa hivyo mmoja ni salama."

"Mmoja ni kwamba sijauona. Ugonjwa ukiwa kidogo sana unaweza kunipita. Lakini miwili, cucu, ni kwamba uko."

"Na sungura wako hajawahi kuona shamba langu."

"Hahitaji kuliona."

Wakakaa kwenye vigoda, kijikaratasi kimesimama ndani ya kifuko kati yao. Rahab alikuwa ameandaa chai lakini hakuimimina. Maji yalipanda kama yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Mstari wa juu ukatokea, mwekundu, safi. Rahab alivuta pumzi. Kisha chini yake, kwanza kama kivuli, halafu kama uzi, ukatokea wa pili.

Rahab akasema ni yale mashina saba, yang'olewe. Hasina akamwomba achague mwenyewe shina lililo zuri kuliko yote. Rahab alishuka mpaka ukingo wa chini, kwenye shina nene lenye uzi wa bluu, akalikata kwa kisu kilichooshwa kwa jiki, ya kuua vijidudu, mbele ya macho ya msichana. Kifuko kipya, kijikaratasi kipya. Safari hii Rahab hakukaa. Alisimama na mikono nyuma, akitazama mlima. Hasina aliposema, "Miwili tena, cucu," hakugeuka.

Hasina alifanya jambo moja zaidi, maana aliona mama huyu anataka kuona kwa macho yake. Alikata kipande kingine cha shina hilohilo, akakining'iniza kwenye glasi ya maji. Baada ya dakika chache ulitoka uzi mweupe kama maziwa, vijidudu vyenyewe, ukashuka taratibu mpaka chini ya glasi.

"Linavutia hivi, na limeoza ndani," Rahab alisema.

"Linaweza kukaa hivyo mpaka uvune. Viazi vinatoka vizuri, vinaenda Kamukuywa vizuri. Mvua ya kwanza, mashamba arobaini."

Akamwambia yaliyobaki bila kuyapamba. Kula vinalika, havimdhuru mtu. Kupanda, hata kimoja, hapana. Maganda na maji ya kuoshea yasirudi shambani. Ardhi ipumzike miaka minne, mitano, ipandwe mahindi au vitunguu, na kisiote hata kiazi cha kujiotea, wala nyanya, wala mnavu. Kisha akauliza, kwa sababu fomu iliuliza, ugonjwa ungeweza kuwa umetoka wapi. Je, alinunua mbegu? Aliazima jembe? Rahab alisema katika shamba hilo hakijaingia kiazi cha mtu mwingine kwa miaka arobaini.

Alisema hivyo akiwa anatazama tangi la maji. Hapo akakumbuka.

Wiki ya mazishi ya Ngari, watu walikuja na vyao. Magunia ya viazi yalishushwa kutoka masoko manne au matano, hakuna aliyeuliza ya wapi. Jirani yake, Phelista, mama wa Kibukusu kutoka Bumula aliyeolewa ng'ambo ya kijito, ndiye aliyeshika jiko. Uani kulikuwa kumejaa hema na viti, kwa hivyo aliwapeleka wanawake kumenyea kule juu, karibu na maji. Siku tano walimenya. Maganda na maji ya kuoshea waliyamwaga hapo juu, yateremke kwenye shamba lililokuwa tupu, lirutubike, jinsi Rahab mwenyewe alivyowafundisha majirani wote kwamba kilichotoka kwa udongo hakitupwi. Na Rahab aliona. Alikuwa ndani, amekaa kitandani kama mjane anavyokaa, na kupitia dirishani alimwona Phelista akiinamisha beseni. Siku nyingine yoyote angetoka na fimbo. Siku hiyo aliwaza tu kwamba ana majirani wema.

Hasina aliandika kwa ufupi, akanywa chai iliyopoa, akaondoka akiahidi kupita kwa majirani wote kesho yake.

Phelista alifika saa kumi kuleta chumvi aliyoazima. Aliona vile vijikaratasi viwili juu ya kigoda, akaviinua kimoja kimoja kwenye mwanga kama vile vya kupimia mimba.

"Mama Mbogo! Mistari miwili, na hapa tena miwili. Bana, kwani ni mapacha? Na mzee amelala hapo juu, utamwambia nini?"

Rahab alicheka. Hakukusudia, kilitoka tu, kicheko cha kwanza tangu Januari, na kilipokatika alishindwa kupata pumzi. Phelista akaweka chumvi chini. Rahab angeweza kumwambia ni udongo tu, ni Mungu. Lakini Phelista alibeba nusu ya yale maganda nyumbani kwake, kwa ng'ombe, na samadi ya ng'ombe huyo huenda kwenye nyanya zake. Kumficha ni kumwachia naye ugonjwa.

Akamweleza yote, mpaka beseni.

Phelista alikaa chini, kwenye nyasi. "Ni mimi nilimwaga."

"Ni wewe."

"Si ungenifukuza? Hii shamba yako hata kuku unafukuza."

"Siku ile ningemfukuza nani, Phelista?"

Kisha Phelista aliuliza kama kuna dawa, Rahab akasema hakuna. Akauliza kama kuna mtu aliyepewa mbegu hiyo zamani, anayeweza kuwa nayo bado. Rahab alikuwa ameshawahesabu moyoni. Wote walioipokea walipika, au walichanganya na za sokoni miaka mingi iliyopita. Watu waliijua njia ya kwenda kwake, kwa nini waweke?

Alimpigia Chepkosgei mwenyewe, kabla chama hakijapiga. Kule upande wa pili kulisikika kina mama wakiongea. Ilikuwa siku ya kikundi. Alisema mbegu hakuna.

"Msimu huu, mama? Tutangoja ule mwingine. Tumeshalima."

"Hata ule mwingine. Imekwisha. Tafuteni kwingine, na mpimiwe kabla hamjapanda."

Chepkosgei aliuliza kama angeweza kuja basi kuwafundisha kufunga uzi, hata kwa viazi vingine. Rahab alisema ataona. Hakusema hapana, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka simu ikatike.

Asubuhi yake, Phelista alikuwa ameshafika na jembe lake, ameliosha kwa jiki kabla ya kuvuka kijito. Walianza na mashina yenye uzi. Viazi vilitoka vidogo, kabla ya wakati wake, vyekundu, laini, bila kovu. Phelista aliuliza vinawekwa wapi.

"Jikoni," Rahab alisema. "Vyote jikoni."