Amefuata Nyama

Kambi ya wageni ilikuwa bondeni, chini ya ukingo wa Ufipa, ndani ya pori la akiba lililokauka mpaka udongo mweusi ukapasuka nyufa za kumeza mguu. Katika ukame huo Wazungu walilalia mashuka meupe na kunywa vinywaji vya barafu iliyoletwa kwa ndege. Mimi nilichota maji yao ya kuoga. Shule nilikwisha kuiacha darasa la tano, nikawa mtu wa kuonja kazi na kuondoka. Hapa nilikaa kwa sababu moja: nilitaka kuwatazama tembo nikiwa nimeketi garini, kama wao.

Siku nilipopewa nafasi hiyo, askari wa pori walimleta mzee wa kijiji cha ujamaa cha kule juu, ana mkuki na mbwa wawili. Mkuu wa pori alikuwa mtu wa Mbeya, Kifipa hakijui, na mzee Kiswahili hakijui. Wageni walikuwa wameshapanda Landrova.

"We mzururaji, njoo!" mkuu akaniita. " Baba yako huyu anasemaje?"

Mzee alinieleza kwa pumzi moja: nguruwe pori ameingia kwenye mahindi ya kijiji, naye amemfukuza mpaka huku. "Nimefuata inyama," akamalizia. Kwa Kifipa neno hilo ni mnyama, na ni kitoweo pia. Injini ilikuwa inaunguruma. Nikaruka nguruwe, nikaruka mahindi.

"Anasema amefuata nyama."

Mzee aliposikia neno analolijua akaitikia kwa kichwa kwa nguvu. "Eee! Nyama!"

"Afadhali huyu hatuzungushi," mkuu akasema. "Mfungeni kamba. Na wewe panda, au unataka ubebwe?"

Kabla ya kona ya kwanza nilikwisha kujua nilichofanya. Mkuu mwenyewe tulimwita bwana nyama, na hakuna aliyedhani ana bucha. Hakuwa mtu mbaya; majangili walikuwa wanammalizia tembo, na kila mzoga ulimkosesha usingizi. Ningemgusa bega tu, angegeuza gari. Sikumgusa. Niliwaona tembo, wakubwa kuliko nilivyowaza, nikafurahi kwelikweli. Furaha ile ndiyo inayoniuma mpaka leo.

Mzee alifungwa miezi sita Sumbawanga. Alipotoka nikapanda mlima kwenda kumwambia ukweli. Nilimkuta anapukuchua mahindi na mkewe, amekonda, shati linamning'inia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Akanitazama vizuri. "Si wewe uliyenisemea kule bondeni?"

"Ni mimi."

"Mama, mwone! Huyu ndiye aliyenisemea. Alisema sawasawa, nilimsikia kwa masikio yangu: nyama. Wale wakubwa tu hawakutaka kuelewa."

Mkewe akanishukuru kwa mikono miwili, akaenda kusonga ugali wa ulezi. Maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima yalikuwa mdomoni. Akaleta maji.

Nikanawa mikono, nikala.