Joka la Mama Mkubwa

Harufu ya mbegu za maboga zikikaangwa ndiyo iliyotuvuta sisi watoto jikoni kwa mama mkubwa Kaluwa, dada yake mama yangu. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha hapa Songea, lakini Wajerumani walikuwa wamechoma maghala yetu na njaa ilikuwa bado inazika watu. Mume wa mama mkubwa aliondoka kwenda vitani na manyoya kichwani na mikia ya ng'ombe mikononi, akauawa kwa risasi. Mbegu zenyewe zilikuwa za kuonja tu, kwa hiyo mama mkubwa alitushibisha kwa hadithi.

Niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya joka la mto Ruhira, lililozuia mvua yote tumboni mwake. Wanakijiji wananoa mikuki, lakini msichana aitwaye Sihaba anaingia mtoni peke yake, anatia mkono kinywani mwa joka mpaka begani, anachomoa mwiba uliokwama kooni. Joka linalia kwa nafuu, na machozi yake yanakuwa mvua. Akifika hapo mama mkubwa alinishika mkono na kuubana taratibu, nami nilisikia meno kabisa. Sihaba nilikuwa mimi. Nikienda kuteka maji nililisalimia joka kwa Kingoni kabla sijachovya kibuyu.

Mwana wa pekee wa mama mkubwa, Benedikto, alikuwa amelelewa misheni tangu kabla ya vita, na sasa alikuwa mwalimu msaidizi. Siku moja alikuja akamwomba mama yake asimulie hadithi ile tangu mwanzo, kwa sababu wanafunzi wangeiigiza mbele ya mkubwa wa boma, Mjerumani aliyetutawala. Mama mkubwa alisimulia mchana kutwa, akaimba hata nyimbo zake. Mimi nilijiambia kwamba sasa dunia nzima ingemjua Sihaba.

Siku ilipofika tuliketi mbele kabisa, uwanjani penye kanisa. Sihaba akatolewa amefungwa kamba, analia. Nikangoja ajifungue. Hakujifungua. Joka likatoka vichakani: kijana amevaa manyoya kichwani na mikia ya ng'ombe mikononi. Kisha akaja askari mwenye kofia na bunduki ya mti, akalipiga risasi, akalipasua tumbo, na mvua ikamwagwa kwa ndoo. Wanakijiji wote wakampigia magoti askari. Mkubwa wa boma akacheka, akapiga makofi, na watu wetu wakapiga pia. Nilipiga kelele, "Si hivyo! Si hivyo!" Mama mkubwa akaniziba mdomo.

Benedikto alitufuata njiani, uso unang'aa jasho. "Umeonaje, mama?"

"Nimemwona baba yako," alijibu. "Umemvisha vilevile alivyotoka nyumbani, ukampiga risasi tena."

"Mama, mkubwa asingekubali joka lishinde."

"Kwani lilishinda? Lilitolewa mwiba tu."

Mama mkubwa akanivuta mkono tukaondoka, na tangu siku hiyo hakuisimulia tena. Nilipombembeleza alisema ameisahau. Nilijua hajaisahau, na hilo liliniuma kuliko bunduki ile ya mti. Benedikto alileta chumvi, alileta nguo. Mama yake alipokea, akamshukuru kama anavyoshukuriwa mgeni.

Sasa ninakaa Mjimwema, hapa hapa Songea, na wajukuu wanaokula wakashiba na kusaza, na wala sitamani njaa ile irudi. Ila juzi walirudi kutoka shuleni wakanisimulia hadithi mpya waliyofundishwa, ya joka na askari shujaa. Nikawaketisha, nikawapa ile ya kweli, nikamshika mkono yule mdogo kuliko wote na kuubana taratibu nilipofika penye meno. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Bibi," akauliza, "na bunduki iko wapi?"

Nikamwambia haikuwapo. Akanitazama kwa huruma, akautoa mkono wake, akaenda kucheza.